Gredi ya Nne hapa Amu: kompyuta na usalama wa mtandaoni nianzie wapi?

MwalimuLangoni (Lamu) anauliza:

Assalam aleikum wenzangu. Nafundisha Gredi ya Nne katika shule ya msingi ya serikali hapa Amu, upande wa Langoni. Muhula huu mwalimu mkuu amenipa kipindi kimoja kwa wiki cha kompyuta, na akaongeza neno: "Usalama wa mtandaoni pia usiusahau." Kazi nimeipokea kwa moyo, lakini usiku nalala nikiifikiria.

Vifaa ni vile vya mpango wa serikali ulioanza 2016, wa tabuleti za darasa la kwanza: tabuleti za watoto, vifaa viwili vya walimu, projekta na ruta. Zimekaa kabatini muda mrefu. Nilipozitoa nyingi hazikuwaka, na hewa ya hapa mwaijua, tundu za chaji zimeota ukijani. Zinazowaka hazifiki kumi, na darasa langu lina watoto zaidi ya hamsini. Chumba kina soketi moja, iko chini ya dirisha. Intaneti hakuna, ila bando la simu yangu.

Lakini watoto wenyewe wako mtandaoni kabla yangu. Niliuliza nani ana simu yake mwenyewe, mikono ikawa ya kuhesabu. Nikauliza nani huchezea simu ya mama, ya baba, ya kaka au ya mjomba, darasa zima likanyoosha. TikTok wanaijua, YouTube wanaijua, na wavulana wanacheza Free Fire mpaka bando la mama linakatika. Mtoto mmoja alitaja paswadi ya simu ya babake mbele ya darasa zima, kisha akaanza kutaja PIN ya M-Pesa. Nilimkatiza kabla hajafika tarakimu ya tatu.

Lililonifanya niandike leo ni hili. Kuna mvulana darasani kwangu ambaye mtu fulani amekuwa akimwandikia ndani ya gemu. Amemwahidi almasi, zile za kumnunulia mchezaji mavazi, kwa sharti amtumie picha yake na namba ya simu ya mamake. Mtoto hakumwambia mama, wala mimi. Alimwambia rafiki anayekaa naye dawati moja, na rafiki ndiye aliyekuja kwangu. Nilipomwita kando kwa upole, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa: "Mwalimu usimwambie mama, atanipiga, na simu sitaishika tena." Anasema picha hajatuma.

Huyu mtoto nimsaidie vipi sasa hivi? Na darasa zima je, niwafundishe kompyuta kwanza ndipo nije kwenye usalama, au kinyume chake? Vitabu vya mtaala ninavyo, na ujuzi wa kidijitali umetajwa kila sura, lakini nikifika kwenye usalama napata sentensi moja: usizungumze na watu usiowajua. Mtoto wa Amu hana mtu asiyemjua. Hata asiyemjua ni jamaa wa fulani.

Tena wazazi wawili wamenifuata wakaniambia kompyuta na simu zinaharibu watoto, nisiwafundishe kabisa. Sitaki kuwapuuza. Wana sababu zao na nyingine naziona mwenyewe.

Baba_wa_Mokowe anajibu:

Wa aleikum salaam mwalimu. Kwa maoni yangu dawa ni moja: simu ichukuliwe. Mtoto wa miaka kumi simu ya nini? Sisi tulikua bila hizo simu na tumesoma. Mwambie mama yake ukweli wote, simu ifungiwe, na gemu lifutwe leo. Mambo ya kompyuta atayakuta sekondari akiwa na akili timamu. Nasema hivi kwa uchungu, nina wanangu pia.

BiMwalimu_Mkomani anajibu:

Aleikum salaam mwanangu. Tuanze na mtoto, darasa litangoja.

Mtoto huyo amekwambia ukweli, na ukweli huo ndio wa kuulinda kwanza. Mwambie leo, kwa maneno mafupi: hukukosea, umefanya vyema kusema, hutapigwa kwa jambo hili. Kisha nenda kwa mama yake wewe mwenyewe, usimpigie wala usimwandikie. Nenda baada ya laasiri, mkae, umweleze kabla mtoto hajaulizwa lolote. Ukianza na "mwanao amepatikana na jambo kwenye simu", mama atashikwa na aibu na hasira, na mkono utatangulia. Ukianza na "kuna mtu anamwinda mwanao, na mwanao ndiye aliyetuwezesha kumjua", atakuwa pamoja nawe mpaka mwisho. Nimefundisha hapa kisiwani tangu nikiwa msichana, na akina mama wetu nawajua. Wanawapenda watoto wao kupita kiasi, na hofu ndiyo inayowafanya wapige.

Mazungumzo yale yasifutwe. Wengi hufuta kwa hofu, na ushahidi ukapotea. Pigeni picha za skrini: jina analotumia mtu huyo, namba yake ya utambulisho ndani ya gemu, na ujumbe wenyewe. Andikeni tarehe. Baada ya hapo ndipo mumripoti humo humo ndani ya gemu na kumzuia. Msimjibu, wala msimtishe kwamba mmemjua. Mwalimu mkuu ajulishwe, na ofisi ya watoto ijulishwe. Na muwape mama na mtoto namba 116. Ni ya kuwasaidia watoto, kupiga ni bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga hata kwa kitochi.

Alhamdulillah picha haikutumwa. Lakini nalisema hili kwa sababu walimu wengine wanasoma: ikitokea mtoto ametuma picha ya utupu, picha hiyo usiihamishie kwenye simu yako, wala usimtumie mwalimu mkuu "naye aone". Iacheni kwenye simu ile ile, na simu yenyewe ndiyo iende polisi. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana kitengo cha kulinda watoto, Nairobi na Mombasa. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 inaadhibu kumiliki na kusambaza picha za ngono za watoto, na adhabu yake yafika kifungo cha miaka 25. Mwalimu mwenye nia njema asijitie humo, na mtoto asiongezewe macho ya kumtazama.

Kaka yangu wa Mokowe, uchungu wako naupokea, ni uchungu wa mzazi. Lakini tazama mtoto alisema nini: alinyamaza kwa kuogopa kupigwa na kunyang'anywa simu. Ikinyang'anywa leo baada ya yeye kusema, watoto wote wa mtaa watajua kabla ya magharibi, na atakayefuatwa kesho hatafungua mdomo. Yule anayewaandikia watoto analijua hilo vizuri. Ndilo analolitegemea. Simu ipunguziwe saa, itumiwe sebuleni mbele ya watu, gemu lipumzishwe kwa makubaliano, hayo yote nayaunga mkono. Yasije tu kama adhabu ya kusema kweli.

Sasa darasa. Umeuliza uanze na kompyuta au na usalama. Mimi naona ni somo moja. Mtoto akijua mashine inafanyaje kazi, hatari ataiona kwa macho yake mwenyewe na hutahitaji kumtisha. Na tabuleti mbovu zisikuvunje moyo, sehemu kubwa ya haya huifanya kwa chaki na karatasi.

Mimi huanza na punda. Chora miraba uwanjani kwa chaki. Mraba mmoja ni Ngomeni, mmoja ni gati, mmoja ni msikiti wa Riyadha, na mengine ni vichochoro na kuta. Mtoto mmoja ni punda, mwengine ni mwenye punda. Mwenye punda lazima aandike amri zote karatasini kabla punda hajainua mguu: mbele, kulia, kushoto, simama. Punda haruhusiwi kufikiri. Akiandikiwa mbele na mbele kuna ukuta, anakwenda ukutani. Watoto wanacheka, kisha wanaanza kubishana ni mstari gani uliokosewa, na hapo wameshaingia kwenye kazi ya programu hawajagusa kitufe. Wakichoka kuandika mbele, mbele, mbele, wape neno "rudia" na idadi. Kufundisha kompyuta bila kompyuta kumeenezwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Canterbury kule New Zealand tangu miaka ya 1990, na michezo yao wanaigawa bure. Punda ni wetu.

Na hapo hapo kwenye punda pana usalama. Nawauliza: ile video inayojileta yenyewe baada ya uliyoitaka, nani kaileta? Watoto hujibu "simu". Simu ni punda, aliyeiandikia amri ni nani, na amri inasemaje? Inasema: tazama huyu alikaa kwenye nini muda mrefu, mletee nyengine inayofanana. Haisemi mletee inayomfaa. Mtoto wa miaka kumi analielewa hili sawasawa.

Somo ninalolipenda zaidi ni la picha. Usiliharakishe, lipe hata vipindi viwili.

Kila mtoto anapata karatasi ya hesabu yenye miraba. Anachora kwa kujaza miraba, nane kwenda kulia na nane kwenda chini: dau, samaki, herufi, apendalo. Mraba mtupu ni 0, uliojazwa ni 1. Anaiandika picha yake kwa tarakimu, mstari kwa mstari. Kisha anamsomea mwenzake aliye mbali asiyeiona picha, naye anajaza miraba yake kwa kusikia. Picha inatokea ile ile. Si iliyofanana nayo, ni hiyo hiyo, haikupungua mraba. Wa pili anamsomea wa tatu, wa tatu anamsomea wa nne. Sasa mwambie wa kwanza aichane karatasi yake vipande vipande. Uliza darasa: picha imefutika?

Watakujibu wenyewe. Ndipo uwaambie kwamba simu nayo haina picha ndani yake, ina tarakimu, nyingi mno, na zinanakiliwa kama walivyonakili wao, kwa kasi kuliko kupepesa jicho. WhatsApp ina "futa kwa wote". Inaiondoa picha kwenye mazungumzo. Aliyekwisha kuihifadhi, au aliyepiga picha ya skrini, anabaki nayo. Mtoto aliyesoma tarakimu kwa mdomo wake hahitaji kuelezwa mara ya pili.

Kuhusu ridhaa ya kupigwa picha, watoto wetu wanajua kuliko tunavyodhani. Binti yeyote wa hapa ameshafuatana na mama yake kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, na anajua mle ndani hapapigwi picha. Wengine wameona simu zikiwekwa mlangoni. Muulize kwa nini. Atakwambia wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, na picha ikitoka nje ataiona asiyeruhusiwa. Basi somo ameshalisema yeye. Kazi yako ni kumuuliza swali linalofuata: na picha ya mwenzako aliyeteleza matopeni, uliyoituma kwenye kikundi, yeye aliulizwa? Wavulana ndio hujiinamia hapo. Mwaka jana mmoja alikwenda akaifuta mwenyewe na kumwomba mwenzake radhi, sikumtuma.

Paswadi na PIN zipitie haraka, ni mchezo wa kubahatisha. Mtoto aandike siri ya tarakimu mbili, wenzake wabahatishe: ni 100 tu. Ziwe tatu, ni 1,000. Nne, 10,000. Wakishachoka waambie mwizi wa M-Pesa habahatishi, huuliza tu kwa sauti nzuri, na mtoto wa nyumbani humjibu. Yule aliyekaribia kuitaja PIN ya babake ataelewa bila kutajwa.

Lile la "usizungumze na usiowajua" umesema kweli, halitufai. Mtoto tumemlea wenyewe aamkie kila mtu njiani. Tena wengi wanaowadhuru watoto ni watu ambao watoto wanawajua. Mimi nawafundisha watazame ombi. Anayetaka picha yako. Anayetaka namba ya mama. Anayetaka mkutane peke yenu. Anayekupa zawadi halafu akasema usimwambie mtu. Awe mgeni, awe binamu, awe mtu mzima wa kuheshimiwa, ombi ni lile lile na jibu ni lile lile: nenda kwa mtu mzima unayemwamini ukaseme. Na kila mtoto amwandike karatasini mtu huyo ni nani kwake. Zisome karatasi hizo kwa utulivu jioni. Utakuta watoto wasio na jina la kuandika, na hao ndio wa kuwakaribia kwanza.

FundiSimu_Mkomani anajibu:

Mwalimu, salaam. Hapo Bi Mwalimu amemaliza, mimi nitasema la vifaa. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, niko Mkomani. Zilete hizo tabuleti. Za shule kuzisafisha sitozi.

Ule ukijani kwenye tundu za chaji ni chumvi na unyevu vimekula shaba. Mara nyingi husafishika kwa spiriti na brashi laini, tabuleti ikiwa imezimwa. Usilazimishe waya kuingia, utavunja ulimi wa ndani. Ukiona tabuleti imevimba mgongo au skrini imeinuka, betri imeharibika, usiichaji hata kidogo, iweke mbali na watoto mpaka nije niichukue. Zilizo nzima, zikienda likizo ziende na chaji nusu. Betri hizi ukiziacha tupu miezi mitatu minne hazirudi, na zikikaa zimejaa huku kwenye joto huchoka upesi. Ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Soketi moja isikutie hofu, lakini usiunganishe nyaya za kuongezea moja juu ya nyengine. Chaji kwa zamu.

Intaneti si ya lazima sana. Kuna programu inaitwa Kolibri, ya bure, unaiweka kwenye kompyuta moja na masomo yake, halafu vifaa vingine vinasoma kutoka kwayo kwa ruta hiyo hiyo bila bando. Na Scratch iko ya kufanyia kazi bila mtandao, unavuta vipande vya amri kwa kipanya na paka anatembea. Ina Kiswahili, bonyeza alama ya dunia juu uchague. Watoto waliocheza punda wataielewa dakika ile ile. Kompyuta moja na projekta inatosha kuanzia.

Kwa wazazi wenye simu za Android kuanzia toleo la 9: waingie kwenye mipangilio ya mtandao, watafute Private DNS, waandike family.cloudflare-dns.com na wahifadhi. Ni bure. Inazuia tovuti nyingi za uchafu na za virusi zisifunguke kwenye simu hiyo. Niseme wazi, haimzuii mtu kumwandikia mtoto ndani ya gemu, wala haichuji TikTok. Hilo hakuna kitufe chake. Na Play Store iwekwe iombe paswadi kabla ya kununua chochote. Wazazi wasioweza waje dukani kwangu, ni kazi ya dakika chache.

MamaMalindi anajibu:

Hodi huko Lamu. Mimi ni mzazi wa Malindi, na naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa: shule zenyewe.

Hapa kwetu watoto kupigwa picha na wageni ufuoni ni jambo la miaka mingi. Mgeni anatoa peremende, anapiga picha, anauliza jina. Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti kuhusu watoto kutumiwa vibaya katika utalii wa Pwani, na Malindi ilikuwa miongoni mwa sehemu walizozichunguza. Tulikaa vikao juu yake. Tuliwafundisha watoto wasiende ufuoni peke yao. Sasa huyo wa ufuoni hana haja ya kupanda ndege, na sisi tunamrahisishia.

Nasema hivyo kwa sababu binti yangu alishinda mashindano ya kuandika insha, na nilikuta picha yake kwenye ukurasa wa shule yake: uso, sare, jina kamili, gredi, na maneno kwamba anapenda kuogelea. Mtu yeyote duniani angeweza kuja mlangoni kwa shule akamwita kwa jina na kumwambia "mama yako amenituma". Sikugombana nao. Nilikwenda kwa mwalimu, nikamweleza hivi hivi, picha ikatolewa siku hiyo.

Sheria iko. Ile ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Walimu wengi niliowaambia walikuwa hawajasikia. Mwalimu wa Langoni, kabla hujapiga picha darasa lako likicheza punda, na najua utatamani kwa sababu hata mimi nimetamani kuliona, watumie wazazi karatasi ya kusaini. Na ukipiga, piga mikono na miraba ya chaki, nyuso ziache.

UstadhShela anajibu:

Assalam aleikum. Nasomesha watoto chuoni, yaani madrasa, na wengi ni hao hao mnaowasomesha nyinyi asubuhi. Wazazi waliokwambia usifundishe, nadhani nawajua mawazo yao, huja kwangu pia. Mwalimu, usiende kwao peke yako. Niite twende sote. Wakisikia shule na chuo wanasema neno moja, watatulia. Mimi nitawaambia kwamba kumlinda mtoto ni amana, na mtoto asiyefundishwa hajalindwa, kwa kuwa simu ya mjomba iko pale pale.

Lile la mtoto kusema bila kuogopa nitalisema na mimi darasani kwangu wiki hii. Nimelisoma nikawafikiria watoto wangu. Kuna mambo mtoto huona haya kumwambia ustadh wake, na nataka wajue wanaweza.

MwalimuLangoni anaandika tena:

Shikamoo Bi Mwalimu. Nawashukuru nyote, na Baba wa Mokowe pia, kwa sababu mama wa mtoto alianza na maneno yako hayo hayo.

Nilikwenda baada ya laasiri kama nilivyoelekezwa. Nilimwambia kwanza kwamba kuna mtu anamwinda mtoto. Alishika simu mikono ikitetemeka, akausoma ujumbe wote, kisha akamuuliza mwanawe mbona hukuniambia. Mtoto akamjibu kweli tupu. Hakumpiga. Alimkalisha pembeni yake na kumshika bega muda wote tuliozungumza. Picha za skrini tumepiga, mwalimu mkuu anazo habari, na ofisi ya watoto tumekwenda pamoja na mama. Gemu wamekubaliana lipumzike mpaka likizo.

Ustadh, nitakupigia tupange siku. Fundi, tabuleti zinakuja kwa mkokoteni keshokutwa, zile mbili zilizovimba nimezitenga.

Bi Mwalimu, nina maswali mawili. Watoto hamsini wakisomeana tarakimu kwa wakati mmoja chumba kitakuwa soko, nifanyeje? Na kisa cha mvulana huyu, je, nikitumie darasani kama mfano bila kumtaja jina?

BiMwalimu_Mkomani anajibu:

Marahaba mwanangu. Mwambie mama yake namsalimu, na amefanya jambo kubwa.

Kisa usikitumie. Hata bila jina, hapa Amu watamjua kabla ya mapumziko, na rafiki yake aliyekuja kwako ataonekana msaliti. Tunga kisa cha binti wa Faza aliyeahidiwa bando na mtu wa kwenye kikundi cha kushona kofia, ombi liwe lile lile. Mvulana akitaka kuchangia, atachangia mwenyewe. Asipotaka, mwache asikilize.

Kelele: toka nao nje. Wapange mistari miwili chini ya mwarobaini, wanaotazamana ndio wawili wa kusomeana, na wape umbali wa mikono mitatu. Wiki ya kwanza usianze na nane kwa nane, ni tarakimu 64 na wengine watapotea katikati. Anza na tano kwa tano, ni 25 tu, wachore herufi ya kwanza ya majina yao. H na T hutoka vizuri, S huwapa tabu, waambie mapema. Mwenye kusoma akimaliza mstari aseme "chini", mwenzake ajue amehama. Anayepoteza hesabu ainue mkono, asisomewe upya kutoka mwanzo, asomewe mstari huo tu.

Karatasi za miraba ninazo rimu nzima nyumbani, zimebaki tangu nilipostaafu. Mtume mtoto mkubwa aje na mfuko, au nitakuja nazo mwenyewe, kwa sababu kipindi hicho nataka kukiona. Niambie ni siku gani na saa ngapi.